Nyumba Iliyokuwa na Mjane Ndani

Mwezi uliopita tulimzika Bi Salima, na kwenye matanga yake nilisikia uongo mwingi kuliko ule niliousikia katika mikutano yote ya chama enzi za Zaire. Watu walikaa kwenye mikeka barazani kwetu, hapa Kasuku, mjini Kindu, upepo wa mto Lualaba ukilitikisa turubai, wakawa wanaambiana kwamba marehemu na mama yangu walipendana kama dada wa tumbo moja. Mwanamke mmoja nisiyemjua alinishika mkono akaniambia kwamba mama zangu wawili sasa wamekutana. Nilimwambia ahsante, kwa sababu mtu haanzishi ugomvi kwenye matanga, lakini rohoni nilikuwa nachemka. Mama yangu na Bi Salima hawakupendana hata kidogo. Walikaa chini ya bati moja miaka mingi, na hakuna siku waliyokula sahani moja. Mama alipofariki, Bi Salima ndiye aliyemwosha, akamwosha vizuri, kisha akatoka uani akakung'uta mikono na kuniambia kwamba mama yangu alikuwa na mdomo mchafu. Nilimheshimu kwa neno lile kuliko ninavyowaheshimu hawa wa mikekani. Kwa hiyo naandika habari za mwaka mmoja tu, ule tulionunua nyumba hii, ili wajukuu wangu wasije wakalishwa hadithi ya dada wawili.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mama aliuza mchele wa Kibombo sokoni, na kabla ya mwaka ule tulikuwa tumehamahama katika vyumba vya watu mpaka nikajua kufunga vyombo vyetu macho yamefumbwa. Kila mwenye nyumba alikuwa na neno lake. Leo ni moshi wetu, kesho ni wageni wetu, keshokutwa ni mpwa wake anayerudi kutoka Kisangani na anakitaka chumba. Mama alimeza yote. Jambo alilolitaka duniani lilikuwa moja, na hakulificha hata kwa wateja wake: alitaka siku moja watu wabishe mlango wake, wamwite mwenye nyumba, wamlalamikie. Tukiwakuta wapangaji njiani wakimgombeza mwenye nyumba wao, alisimama kuwasikiliza jinsi wengine wanavyosimama kusikiliza ngoma. Mimi niliona aibu na kumvuta kanga, naye hakujali.

Nyumba yenyewe iko karibu na mto. Ni ya matofali mabichi na kuta nene, mtindo wa wangwana, Waislamu wa zamani wa mji huu: baraza mbele, ukumbi mrefu unaopita katikati mpaka uani, milango kushoto na kulia, na jiko moja la watu wote huko nyuma. Familia tatu zilipanga humo. Chumba cha mwisho, kikubwa kuliko vyote, chenye dirisha linalotazama maji, ndicho alichokaa mwenyewe, Saidi, fundi cherehani, pamoja na mkewe Salima. Miaka yao yote ya ndoa hawakupata mtoto. Saidi alikuwa amekufa wiki chache kabla hatujaisikia habari ya nyumba. Kitu cha kujua kuhusu nyumba hii ni kwamba kuta zake za ndani hazifiki kwenye bati. Zinaishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, na hapo juu ni uwazi mmoja wa nyumba nzima. Ukipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma wanakuombea afya, kama wanakupenda.

Sisi hawakutupenda. Aliyetuuzia ni Amisi, kaka wa marehemu Saidi, aliyekaa Kibombo na ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimpakilia Mama mchele kwenye treni. Alikuja akakaa juu ya gunia letu, akanywa chai yetu, akasema nyumba ya ndugu yake inauzwa, na kwamba kuna jambo moja dogo la kungoja. "Mujane iko katika eda," alisema. "Eda ikiisha, anarudi kwao Tunda, na nyumba inakuwa yako yote." Kwa wasiojua, eda ni miezi minne na siku kumi ambayo mwanamke aliyefiwa hukaa ndani ya nyumba ya mumewe, nguo nyeupe, bila manukato, bila kuzurura. Katika muda huo hakuna mwanamume anayeruhusiwa kumposa, wala hakuna mtu anayeruhusiwa kumtoa. Mama alikuwa mtu wa swala, akasema eda haiguswi, atangoja. Aliuliza bei, aliuliza mipaka ya kiwanja, aliuliza choo kilichimbwa lini. Walikubaliana mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Hakuuliza yule mjane akitoka hapo anakwenda mikononi mwa nani. Na kwa kuwa mwenye nyumba wetu wa mwisho alikuwa tayari ametutolea vyombo nje, hatukungoja mbali. Tuliingia chumba cha mbele, sisi wawili na magunia yetu, tukawa tunalala na harufu ya mchele puani.

Msemaji wa nyumba alikuwa Mama Zaina, mpangaji wa chumba cha mkono wa kulia, muuza ndakala, vile visamaki vikavu. Yeye hakututukana. Alikuwa na kuku mmoja mwekundu, na kuku yule aliambiwa mengi mwaka ule. Asubuhi alimsimamisha mbele ya mlango wetu akamuuliza kama haoni haya kuja kulala kwa mwenzake wakati kaburi halijakauka. Mama naye hakumjibu mtu. Aliuambia ungo wake wa mchele kwamba kuku anayepiga kelele sana anafaa kwa mchuzi. Ukumbi mzima ulisikia, na hakuna aliyeweza kusema ametukanwa. Mafiga ya jikoni yalikuwa mengi ya kutosha, lakini kila tulipotoka na sufuria tulikuta yote yana vyungu juu yake, vingine vina maji matupu yanayochemka bila sababu. Tulipika barazani, kwenye kopo, tukila bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo huku wapita njia wakitutazama midomo. Ramadhani ilipofika Mama alijitahidi. Alipika wali wa nazi kwa mchele wake bora, akanituma na sahani kwenye kila mlango wakati wa kufuturu. Sahani zilirudi. Zilikuwa zimeoshwa, zinang'aa, na hazina kitu. Mtu wa Kindu anajua kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Unaweka hata ndizi moja, hata chumvi kidogo. Mama alizipanga sahani zile sakafuni, akazitazama, akaniambia tule.

Lililomuuma zaidi si hilo. Mlango wa choo uling'oka, na Mama akafurahi. Nasema kweli, alifurahi. Alinunua misumari na bawaba, akaviweka karibu na mlango wetu, akangoja waje wamwambie: mwenye nyumba, choo hakina mlango. Hakuja mtu. Watu wazima walikwenda chooni wakishika kanga mbele yao. Mwishowe mpangaji aliyefanya kazi reli aliufunga mlango kwa waya wake mwenyewe, kimya kimya. Mama alipouona ule waya aliingia ndani akalala bila kula. Walikuwa tayari kukosa mlango kuliko kumwita kwa jina lile. Hata leo, nyumba ikiwa na umeme na vigae ukumbini, nikifikiria ule waya nawachukia upya, wote, pamoja na waliokwisha kufa.

Salima mwenyewe tulimwona kidogo. Alipita ukumbini katika nguo zake nyeupe kwenda kuchota maji ya kuogea, mrefu, mkavu, macho mbele, na hakuitikia salamu yetu. Siku ya eda kuisha Mama aliamka mapema kuliko muadhini. Alikuwa amenunua kitenge kipya cha kumvisha mjane, amechinja kuku wawili, na amewaalika wanawake wa mtaa, kwa sababu ndugu wa mume hawakuja kufanya inavyotakiwa. Amisi alituma habari tu kwamba atafika na treni ya wiki ile kumsindikiza shemeji yake. Wanawake walikaa uani, maji ya moto yakawekwa kwenye karai, Salima akaletwa na kukalishwa kwenye kigoda. Mkubwa wa wanawake alipotaka kumvua mtandio, alimshika mkono akamzuia.

"Musinioshe," alisema. "Niko na mimba."

Nakumbuka Mama alicheka. Alikuwa peke yake katika kucheka. Miaka yote ile bila hata mimba ya kuharibika, na sasa mume yuko chini ya udongo. Salima alisubiri kicheko kiishe, kisha akasema mimba yake imelala, na itaamka Mungu akipenda. Shehe aliitwa. Alikuwa mtu mpole, anayeogopa wanawake wakiwa wengi pamoja, naye alijibu akitazama karai. Mjane mwenye mimba, eda yake ni mpaka azae. Hilo halina mjadala. Na kuhusu mimba kulala tumboni, wanazuoni wetu wamelikubali, inaweza kulala hata miaka. Mama alimuuliza miaka mingapi. Shehe alisema hata minne. Nilimwona Mama Zaina akiziba mdomo kwa upande wa kanga. Mama alisema watu waanze kula, maana chakula kimeshapikwa, akaenda kulala na kitenge kipya kifuani.

Nilimchukia mwanamke yule kwa chuki safi ya ujana. Kwa hiyo Mama aliponiambia nihamie chumbani kwake, nilikwenda kwa hamu. Kwa watu tulisema mja mzito halali peke yake. Kazi yangu halisi ilikuwa kutazama. Salima alinikubali kwa sababu kukataa kungemfunua. Alinionyesha pa kutandika mkeka, akanikataza kugusa cherehani ya marehemu. Chumba kile nakijua mpaka leo kuliko vyumba nilivyozalia: kitanda cha chuma, sanduku la bati, kofia ya Saidi kwenye msumari, kioo kimegeuzwa kutazama ukuta, na dirisha ambalo jioni lilijaa mwanga wa mto na sauti za watu wanaovuka kwa mtumbwi. Alikula kidogo, akiwa amenipa mgongo. Nami nilitazama nguo zake, kamba yake ya kuanikia, maji yake.

Mwanamke akiwa katika siku zake haswali. Hilo kila msichana wa nyumba za kwetu analijua kabla hajajua kupika. Salima aliswali vipindi vyote, kila siku, na nyumba nzima juu ya zile kuta fupi ilisikia maji yake ya udhu yakimwagika katika beseni. Wapangaji waliuhesabu huo kuwa ushahidi wake. Mimi pia niliamini, mpaka mwezi wa pili, siku moja alasiri, nilipoacha kusikiliza maji nikatazama miguu. Ilikuwa mikavu. Alikuwa ameinama na birika, anayamwaga maji katika beseni polepole, kwa mapumziko, kama mtu anayenawa mkono, kisha uso, kisha miguu, na hakuna tone lililomgusa. Halafu alisimama kwenye mkeka, akainama, akasujudu, na midomo yake haikutikisika hata mara moja. Hakusema neno lolote la swala. Alikuwa anaidanganya nyumba kwa sauti ya maji, na wakati huo huo anajizuia asimdanganye Mungu. Zikapita siku chache hivyo, kisha miguu ikalowa tena na midomo ikarudi kusoma.

Nilimwambia Mama, nikamwambia yote, na sikuona vibaya. Nilidhani atapiga kelele mpaka ng'ambo ya mto. Badala yake aliniletea kinu na majani ya muhogo, akaniingiza chumbani kwa Salima, akafunga mlango, akaniambia nitwange hapohapo na nitwange kwa nguvu. Nikaelewa: hakutaka kuta zisikie. Nilitwanga sombe nikiwa nimesimama kati yao, na maneno yao niliyapata mchi unapopanda.

"Mimba haiko," Mama alisema. "Na weye unajua haiko."

Salima hakubisha. Alimuuliza Mama kama Amisi alimwambia atarudi Tunda. Mama alisema ndiyo. "Tunda," Salima alirudia. "Ndugu zangu kule walisha kubali Amisi anirizi. Mahari ya Saidi walikula, hawana ya kurudisha. Eda ikiisha leo, kesho Amisi ananipandisha treni, niko bibi yake wa tatu. Nyumba yako sitaki, mama. Nataka hii eda. Mahali pengine pa kujificha sina."

Niliacha kutwanga bila kujua, na Mama akanikaripia niendelee. Nilifikiri anamwonea huruma, na labda alimwonea, lakini uso niliouona ulikuwa wa hasira ya mfanyabiashara. Amisi alikuwa amekunywa chai yake na kumwambia mambo nusu. Aliahidi nyumba tupu kwa sababu alishapanga aliyemo ndani atampeleka kwake. Mama aliinuka, akamwambia Salima kwamba ni mwanamke muovu kuichezea swala, Salima akamjibu kwamba hilo ni lake na Mungu wake, tukatoka. Sombe ile tuliila sisi. Wiki zilizofuata uadui uliendelea uleule, kuku akiambiwa, ungo ukijibu. Mama hakumfichulia mtu siri ile, wala hakuniambia kwa nini. Nilirudi kulala kwenye magunia.

Mvua zilipoanza, Amisi alikuja mwenyewe. Alikuwa amechoka kungoja mtoto anayelala. Alimleta shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, amevaa abakosti, ile suti ya enzi za Zaire, na beji ya chama kifuani, na vijana wawili wa kubeba sanduku. Mama alikuwa barazani anapepeta mchele mbele ya mlango mkubwa, na hakusimama. Amisi alisema amekuja kuchukua mtu wao. Shefu, ambaye alipenda kusikika, alitangaza kwamba habari za mimba kulala ni za zamani. "Sitwayene," alimwambia Mama, maana chama kilimwita kila mwanamke raia, "katika Zaire mimba ni miezi kenda." Wapangaji walikuwa wametoka wote, wamejaa ukumbini, na Mama Zaina alikuwa mbele yao, bila kuku. Huko nyuma mlango wa Salima ulikuwa umefungwa. Mimi nilidhani yameisha. Nilidhani pia kwamba Mama amepata alichokitaka: alihitaji tu kusogea kidogo, nao wangepita, na jioni ileile tungelala chumba chenye dirisha.

Mama aliweka ungo chini. "Bwana Amisi," alisema, "hii nyumba uliniuzia, ao haukuniuzia?"

Amisi alisema si hilo lililomleta. Mama alirudia swali, kwa upole, na kumwomba shefu asikilize jibu. Nilimwona Amisi akipiga hesabu. Akisema hakuuza, arudishe fedha, na fedha alishaila. Alisema ameuza.

"Basi huu mulango njo wangu," Mama alisema. "Na mie sikukualika."

Amisi aligeuka kwa shefu. Shefu alimuuliza Mama kuhusu hiyo mimba anasemaje, na mpaka leo nafurahi nilikuwepo kusikia jibu, maana mama yangu hakudanganya hata pale. "Mimba sijui," alisema. "Mulango najua." Kisha akauchukua ungo wake akaendelea kupepeta, makapi yakimwangukia Amisi kwenye viatu. Shefu alifikiri. Alikuwa na nyumba zake mwenyewe za kupangisha, na nadhani aliona ubaya wa kuzoesha watu kuingia nyumba ya mtu kwa nguvu. Akasema mauzo ni mauzo, mambo ya wanawake yamalizwe na shehe, akaondoka. Amisi alibaki akisema maneno ambayo sitayaandika. Alitaka kupita pembeni, akakuta ukumbi umezibwa na watu. Hawakuitwa na mtu, na hawakumpisha. Aliondoka na vijana wake, na mchele wake Mama hakuununua tena.

Wapangaji hawakutushukuru. Mama naye hakungoja shukrani. Alipita katikati yao mpaka chumba cha mwisho, akausukuma mlango bila kubisha, nami nikimfuata. Salima alikuwa amekaa kitandani, sanduku limefungwa kamba, mikono juu ya kamba. Mtandio ulikuwa umemteleza. Mama alimtazama, na sauti aliyotumia ilikuwa ileile aliyotumia kwa wanaomdai punguzo sokoni.

"Toka mwezi huu utalipa kodi kama wengine."

Salima alifunga mtandio wake vizuri. Sisi tukiwa tumesimama pale na wapangaji wakisikiliza nyuma ya kuta, akamtazama Mama kwa mara ya kwanza usoni. "Nitalipa," alisema. "Lakini ile bati juu ya kitanda iko inavuja tangu mvua. Mwenye nyumba atengeneze."

Mama aliinua uso kutazama bati. Kisha aliniambia niende haraka kwa jirani nikaazime ngazi.